Mwanza na Entebbe: Karibu kwa Kilomita, Mbali kwa Saa

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 2.44 Kusini. Ule wa Entebbe, nchini Uganda, uko ukingo wa pili wa ziwa hilohilo, digrii 0.04 Kaskazini, rubani aendaye huko huvuka Ikweta akiwa amebakiza takriban kilomita tano tu. Longitudo za viwanja hivyo hutofautiana kwa nusu digrii hivi. Kwa kuwa mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,000, digrii moja ni kilomita 111. Mwanafunzi aijuaye kanuni ya Pythagoras atapata mwenyewe kilomita 275 kwenda kaskazini na 54 kwenda magharibi, na umbali ulionyooka wa kilomita 280. (Kwa umbali mfupi namna hii, mviringo wa dunia hauharibu hesabu.)

Ndege ya mapanga iendayo kilomita 500 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 34; pamoja na kupaa na kutua, dakika 50 zatosha.

Hapo ndipo vitabu vya hesabu hukomea, na hapo ndipo ilipasa swali lenyewe lianze. Siku isiyo na ndege ya moja kwa moja, msafiri wa Mwanza hulazimika kupitia Dar es Salaam: kilomita 850 kwenda kusini mashariki, kisha 1,070 kurudi kaskazini magharibi. Chukua mfano wa saa mbili za kuripoti uwanjani, moja na nusu angani, nne za kungoja, mbili tena angani, na nusu saa ya uhamiaji. Jumla ni saa 10. Gawanya zile kilomita 280 kwa saa hizo: kilomita 28 kwa saa, mwendo ambao mwendesha baiskeli hodari anaweza kuufikia.

Kilichoongeza saa hizo si ziwa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila nchi mamlaka juu ya anga lake, hata safari za kawaida za kimataifa zikahitaji idhini. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Lilipokufa mwaka 1977, kila nchi ilijenga njia zake kuelekea mji wake mkuu wa biashara, na miji ya mipakani ikapewa kisogo. Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999 lilikusudia kuyafungua masoko ya anga barani Afrika. Utekelezaji umekwenda pole pole mno.

Hasara haiwapati wasafiri peke yao. Minofu mibichi ya sangara ya Mwanza, bidhaa ihesabiwayo kwa siku, imekuwa ikipakiwa malori kwenda kutafuta ndege za Ulaya katika nchi jirani.

Yupo atakayesema kwamba abiria wa Mwanza na Entebbe ni wachache mno. Lakini hesabu ya abiria katika njia isiyo na ratiba ya kutegemewa haipimi haja ya watu. Hupima subira yao. Ndege ndogo ya viti kumi na viwili, ikiruka siku zilezile kila juma kwa mwaka mzima, ingetoa takwimu za kuaminika zaidi.