Nyuklia: nani atakagua mabomba?

Tangu Uyombo, Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujengwa kinu cha nyuklia, Wapwani tumezungumzia ardhi, samaki na mionzi. Mabomba hatujayagusa.

Mengi ni ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Maji yanayopita ndani si ya bahari. Ni maji yaliyosafishwa, yenye joto la karibu nyuzi 300 na shinikizo kubwa. Hata hivyo chuma hicho hupasuka. Joto likipanda na kushuka, bomba hutanuka na kunywea. Chuma huchoka, ufa huanza, na maji yenyewe huuharakisha.

Ufaransa imeyaona. Machi 2023 ilitangazwa kuwa katika kinu cha Penly 1, bomba la kupozea kinu wakati wa dharura, lenye unene wa milimita 27, lilikuwa na ufa wa kina cha milimita 23, penye kiungo kilichochomelewa. Punde zikatajwa nyufa za uchovu wa joto Penly 2 na Cattenom 3.

Wafaransa wana vinu zaidi ya 50. Wakizima kimoja, vingine vinafanya kazi. Sisi tunapanga kuanza na megawati 1,000, na mahitaji ya nchi nzima hayajafika 3,000. Ufa ukionekana, nani atathubutu kuzima?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi popote kinu kitakapojengwa, tudai kwanza mkaguzi huru, mwenye uwezo wa kukizima bila kungoja simu ya mkubwa.