Baa ya McSorley's: Mila iliyovunjwa na sheria, na baa ikabaki

ANAYETEMBEA usiku katika mtaa wa East Village, jijini New York, hukutana na kila aina ya starehe. Barabara ya St. Marks imejaa mikahawa, vilabu na maduka ya kuchora chanjo mwilini, na vijana huranda hadi alfajiri. Hatua chache kutoka hapo, katika barabara ya 7 Mashariki, mkabala na kanisa la Wakatoliki wa Ukraine, ipo baa ambayo haina muziki, haiuzi pombe kali na wala haina orodha ndefu ya vinywaji. Mteja huulizwa jambo moja tu: bia nyeupe au nyeusi? Akishajibu, huletewa vikombe viwili kwa pamoja.

Hiyo ndiyo McSorley's Old Ale House. Sakafu yake imetandazwa unga wa mbao, katikati mna jiko la chuma la kuotea moto, na kuta zimesheheni picha na vipande vya magazeti vilivyogeuka rangi kwa moshi wa miaka mingi. Chakula kinachojulikana zaidi hapo ni jibini, biskuti za chumvi na vitunguu vibichi. Mchoraji John Sloan aliichora mnamo 1912, naye mwandishi Joseph Mitchell akaisimulia katika jarida la The New Yorker mwaka wa 1940 kwa namna iliyoifanya ijulikane mbali na Marekani.

Kwa zaidi ya karne moja, hata hivyo, nusu ya binadamu hawakuruhusiwa kuionja bia hiyo. Mwanzilishi, mhamiaji kutoka Ireland aliyeitwa John McSorley, aliamini kuwa mwanamume hawezi kunywa kwa utulivu palipo na wanawake. Kaulimbiu ya baa ikawa bia nzuri, vitunguu vibichi, na wanawake marufuku. Marufuku hiyo haikuwa mzaha. Daniel O'Connell, polisi mstaafu aliyeinunua baa hiyo mwaka wa 1936, alipofariki mnamo 1939 alimrithisha binti yake, Dorothy O'Connell Kirwan. Binti huyo akawa mmiliki halali wa baa ambayo yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuketi na kunywa ndani yake, naye aliutii mwiko huo.

Mambo yalianza kubadilika Januari 1969. Wanawake wawili wa chama cha kutetea haki za wanawake, NOW, Faith Seidenberg na Karen DeCrow, waliingia McSorley's wakaagiza bia. Walikataliwa. Badala ya kugombana na mhudumu, walikwenda mahakamani.

Utetezi wa baa ulikuwa ule ambao wasomaji wa Kiafrika wanaufahamu vyema: kwamba hii ni mali ya mtu binafsi, na kwamba hivi ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zama za mababu. Jaji Walter Mansfield wa mahakama ya shirikisho alitoa uamuzi wake Juni 25, 1970. Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya 14, huizuia serikali kuwabagua watu. Haimzuii moja kwa moja mwenye duka au mwenye baa. Jaji alilivuka pengo hilo kwa kutazama leseni. Baa haiwezi kuuza pombe bila leseni ya jimbo, alisema, na jimbo huikagua na kuisimamia kwa karibu. Kwa hivyo inapomfukuza mteja kwa sababu ya jinsia yake, mkono wa serikali umo ndani.

Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini msingi wake haukuwa imara. Miaka miwili baadaye, mnamo Juni 1972, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Moose Lodge dhidi ya Irvis, iliyohusu kilabu cha kibinafsi kilichokataa kumhudumia mgeni mweusi, kwamba leseni ya pombe pekee haitoshi kuufanya ubaguzi wa kilabu kuwa tendo la serikali. Ingelikuwa wanawake wanaitegemea hoja ya Jaji Mansfield pekee, mlango wa McSorley's ungeweza kuwa mashakani tena.

Kilichoushikilia mlango huo wazi kilikuwa sheria ya kawaida ya jiji, isiyokumbukwa sana katika masimulizi. Agosti 10, 1970, Meya John Lindsay alitia saini sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika maeneo yanayohudumia umma, zikiwemo baa. Sheria hiyo haikuwa na haja ya kutafuta mkono wa serikali popote, kwani ilimlenga mwenye biashara moja kwa moja.

Hapa ndipo Mkenya anapopata jambo la kulinganisha. Waliotunga Katiba ya Kenya ya 2010 walilifunga pengo hilo tangu mwanzo. Kifungu cha 20 kinasema kuwa Sheria ya Haki inawabana watu wote pamoja na asasi za serikali, na kifungu cha 27 kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, hata kwa misingi ya jinsia. Mila nayo haipewi kinga: kifungu cha 2 kinaibatilisha sheria ya kimila inayokwenda kinyume na Katiba. Anayefukuzwa mlangoni Nairobi hana haja ya kuthibitisha kwamba leseni iliyobandikwa ukutani ni ya serikali. Iwapo ana pesa na subira ya kufika mahakamani ni suala jingine.

Siku sheria ya Lindsay ilipoanza, si wote waliopokea mabadiliko kwa uungwana. Afisa mmoja wa NOW aliyeingia kunywa alimwagiwa bia kichwani na mteja mwenye hasira. Bi Kirwan, ambaye kwa haki angekuwa wa kwanza kuhudumiwa, alikataa heshima hiyo kwa kuwa alikuwa amemwahidi babake. Nafasi yake ilichukuliwa na jirani, mwanamke fundi wa ngozi. Na sheria inaweza kufungua mlango bila kumaliza kazi. Hadi mwaka wa 1986 hapakuwa na msala wa wanawake. Kwa miaka 16 walitumia ule ule wa wanaume. Mwanamke wa kwanza kuhudumu nyuma ya kaunta, Teresa Maher de la Haba, bintiye mmiliki wa wakati huo Matthew Maher, alianza kazi hiyo mnamo 1994.

Waliotabiri kwamba baa ingekufa walikosea. Walichokuwa wakikitetea kwa jina la historia, kwa kweli, kilikuwa na mashimo. Ubao wa nje husema baa ilifunguliwa 1854, ilhali kumbukumbu za kodi na ramani za bima zinaonyesha kuwa kiwanja hicho kilikuwa kitupu mwaka wa 1860 hadi 1861. Hilo linaitia doa hadithi maarufu kuwa Abraham Lincoln alipitia hapo baada ya kuhutubia ukumbi wa Cooper Union, ulio karibu, Februari 1860. Wateja bado wanaisimulia.

Kumbukumbu iliyo nzito zaidi haikuhitaji kumfukuza mtu. Juu ya kaunta inaning'inia mifupa ya kidari cha ndege, yenye umbo la panda, ambayo yasemekana iliachwa na vijana waliokuwa wakienda Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyerudi aliuchukua wake. Iliyobaki ni ya wale ambao hawakurudi, na kwa miongo mingi hakuna aliyeigusa, hadi vumbi likaifunika kama sufi. Mnamo 2011, kwa shinikizo la wakaguzi wa afya, Maher aliipangusa kwa mikono yake mwenyewe.

Tishio halisi kwa baa za kale za mtaa huo lilikuwa kodi ya nyumba. CBGB, ukumbi wa barabara ya Bowery uliofunguliwa 1973 na kuwa chimbuko la muziki wa punk, ulifungwa Oktoba 2006 baada ya mzozo wa kodi, na mwaka wa 2008 mahali pake pakawa duka la mavazi ya bei ghali. Mzee McSorley alikuwa mjanja zaidi: alilinunua jengo lenyewe kabla ya karne ya 19 kumalizika, na kwa miongo mingi hapakuwa na mwenye nyumba wa kubisha hodi.

Maher alifariki Januari 2020, miezi miwili kabla ya janga la Covid-19 kuzifunga baa zote za New York. McSorley's ilifunguliwa tena, ikiongozwa na Teresa.