Kinyago Kikivunjika, Vipande Visitupwe



Ukurasa huu umezoea habari za chanjo, homa na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaingia sebuleni na kusimama mbele ya kabati la vioo. Karibu kila nyumba tunayoitembelea pamoja na akina mama wa kanisa ina vitu vyake vya kupambia: kinyago cha mpingo alichotoa mjomba siku ya harusi, tembo wa jiwe la Kisii aliyeletwa na mgeni kutoka Kenya, na zile sanamu za jasi za Noeli, Maria na Yosefu na wachungaji, zinazotolewa sandukuni kila Desemba. Na karibu kila nyumba ina kimoja kilichokatika mkono, kimegeuziwa ukutani ili wageni wasione.

Vitu vya namna hii havina bei, kwa kuwa aliyevitoa pengine ameshatangulia mbele ya haki. Ndiyo maana kikianguka kimoja, hasira inayopanda nyumbani haina kipimo, na mara nyingi humshukia mtoto au msichana wa kazi. Mama mmoja alitueleza baada ya ibada kwamba alimkata msichana wake mshahara wa miezi miwili kwa ajili ya kinyago cha watu waliobebana, zawadi ya marehemu baba yake. Tulipomwuliza vipande viko wapi, alidhani vimetupwa. Msichana mwenyewe ndiye aliyevileta, vyote 4, vimefungwa katika kipande cha khanga. Alikuwa amevihifadhi chini ya mto wake wa kulalia. Kinyago kile leo kimesimama kabatini, na usipoonyeshwa mshono huuoni. Gharama yake ilikuwa bei ya gundi tu. Fedha za binti zilirudishwa, ingawa kwa kusukumana kidogo. Tunalisema waziwazi: mshahara wa mtu si bima ya mapambo yetu.

Basi jambo la kwanza ni vipande. Kitu kikidondoka, watoe kwanza watoto walio miguu mitupu, kisha kusanya kila kitu juu ya kitambaa cheupe, hata zile chembe ndogo, uzitie katika kopo lenye mfuniko. Usisuguesugue sehemu zilizovunjika ukijaribu kama zinakutana. Kila ukisugua, punje zinang'oka na mshono unaharibika. Na usigundishe siku hiyo hiyo moyo ukiwa unachemka. Kesho yake, panga vipande mezani bila gundi, ujue kipi kitaanza na kipi kitamalizia. Ukianza na kisichotakiwa, cha mwisho hakitapata njia ya kuingia.

Pili, jua kitu chako kimetengenezwa kwa nini. Si kila cheusi ni mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba kipande chake kidogo ukikitupa majini huzama. Mti wake hukua polepole sana, zaidi ya miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa, na mafundi wa Ulaya hutengenezea zumari zao kwa mti huo huo unaotoka kwetu Tanzania na Msumbiji. Ukitazama chini ya kitako, mara nyingine utaona ukanda wa mbao ya rangi ya manjano iliyofifia. Hiyo ni sehemu ya nje ya gogo. Lakini vipo vinyago vya mti laini vilivyopakwa rangi ya viatu. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo: kikitoka cheusi, umejua. Usikitupe kwa sababu hiyo, wala usimgombeze aliyekuletea. Ila ujue kwamba matunzo yake ni tofauti.

Mpingo adui yake ni kukauka ghafla. Fundi huuchonga ukiwa bado na maji ndani, nawe unauweka juu ya televisheni, au dirishani jua linapopiga, au chini ya kiyoyozi. Baada ya miezi kadhaa unapasuka kwa sauti, na watu wanasema nyumba ina mambo. Hakuna mambo, ni ukavu. Weka kinyago mahali penye kivuli na hewa ya kawaida. Ufa mwembamba usiuzibe kwa gundi ngumu, kwa maana masika ikirudi mbao hutaka kuvimba, na isipopata nafasi hupasuka pembeni. Yeyusha nta ya nyuki katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto (nta isiwekwe juu ya moto wenyewe), changanya na masizi kidogo iwe nyeusi, acha ipoe, kisha uibonyeze ndani ya ufa kwa ukucha.

Kipande kilichokatika kabisa ni habari nyingine. Mpingo una mafuta ya asili, hivyo gundi nyeupe ya seremala haiushiki vizuri. Pangusa pande zote mbili kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, acha pakauke, kisha tumia ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Pakaa kidogo tu. Gundi nyingi haishiki zaidi, inachuruzika na kuchafua. Palipobonyea kwa kupotea chembe, changanya gundi hiyo na unga wa mpingo kutoka kwa mchongaji, ujaze. Unga huo usiuvute puani. Huwasha ngozi na huwaletea watu wengine pumu. Ukimaliza, paka nta ya nyuki na kung'arisha kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia hayafai, huganda na kukusanya vumbi.

Vinyago vya mti laini husumbuliwa na bungua. Ukiona vitundu vidogo mfano wa kichwa cha pini na unga laini chini yake, kitenge kinyago hicho na vingine siku hiyo hiyo. Wengi humimina mafuta ya taa. Sisi hatushauri: nyumba inanuka, na kinyago kilicholowa mafuta ya taa karibu na jiko ni moto unaosubiri kiberiti. Mwenye friza akifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, akiweke kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha akiache mfukoni siku nzima baada ya kukitoa, ili umande utokee nje ya mfuko, si juu ya mbao. Kilichopakwa rangi nene kisiingizwe, rangi itabanduka.

Wapo watakaouliza kama nyumba ya Mkristo yafaa kuwa na vinyago. Hilo mzungumze na mume na mchungaji wenu. Hapa tunashughulika na mapambo, si ibada.

Tuje kwenye sanamu za Noeli. Desturi hii ni ya zamani: mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipanga pango la Noeli huko Greccio, Italia, kwa wanyama hai, na baadaye watu wakaanza kulionyesha kwa sanamu. Nyingi tulizo nazo ni za jasi, ile ile plasta tunayofungia mifupa hospitalini. Jasi hunywa maji kama mkate. Usiioshe kamwe, ondoa vumbi kwa brashi laini kavu. Mkono wa mchungaji ukikatika, lowesha kidogo sana pande zilizovunjika ili zisinyonye gundi yote, pakaa gundi nyeupe ya seremala, unganisha, futa inayotokeza, kisha chomeka sanamu katika beseni la mchanga mkavu ikiinamia upande ambao uzito wa kipande chenyewe unakikandamiza. Iache saa 24. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, tunaigusagusa kuona kama imeshika. Rangi ya maji ipakwe pale penye mshono tu. Ukipaka sanamu nzima, Yosefu atatoka na sura nyingine. Na sanamu za zamani sana zisipigwe msasa, kwani rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto na kwa mama mjamzito.

Kama unakoroga jasi mpya kujazia shimo, koroga kijiko kimoja au viwili. Jasi ikishika hutoa joto, na ikiwa nyingi joto hilo laweza kufika nyuzi 60. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa shule mwenye miaka 16 alitia mikono katika ndoo ya jasi ili apate umbo la mikono yake. Ilishika, ikamwunguza, akapoteza vidole vyake vingi. Watoto wakiona mama anatengeneza watataka kucheza; wape unga wa ngano.

Jiwe la Kisii, linalochimbwa Tabaka, ni laini na huunganika vizuri kwa gundi ya mirija miwili. Ukilipiga msasa, lisugue likiwa limelowa maji, kwa kuwa vumbi la jiwe halina urafiki na mapafu. Bakuli lililoungwa lisitiliwe chakula tena.

Sasa gundi yenyewe. Kwa uzoefu wetu, kinyago kilichovunjika hakijampeleka mtu hospitali, lakini gundi imewapeleka wengi. Ile ya papo hapo, supaglu, iwekwe mbali kabisa na dawa za macho. Chupa zinafanana, na wapo watu, tena watu wazima, waliojitia gundi jichoni usiku wakidhani ni dawa. Likitokea hilo, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usijaribu kufumbua kope kwa nguvu, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, nenda hospitali. Vidole vikigandana usivivute. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha vitenganishe taratibu kwa mpini wa kijiko. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha husaidia kwenye vidole, lakini isikaribie jicho wala mdomo. Tena gundi hii haipatani na pamba: ikimwagika juu ya nguo ya pamba huchemka na kuunguza ngozi iliyo chini. Mimina maji baridi upesi. Usiifute kwa pamba, na kama unavaa glavu, zisiwe za kitambaa. Gundi ya mirija miwili nayo huleta ukurutu kwa wengine, basi vaa glavu za plastiki na ufungue madirisha.

Kinyago chenye jina la mchongaji chini yake, hasa cha miaka mingi, usikipige msasa wala kukipaka rangi. Kazi za watu kama George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, hutafutwa na makumbusho, na mkono wetu mzito waweza kuharibu kilichobaki. Mpelekee mchongaji mzoefu pamoja na kopo lako la vipande.

Noeli ikipita, baada ya tarehe 6 Januari, usifunge sanamu kwa gazeti moja kwa moja, wino utahamia usoni mwa Mtoto Yesu. Zizungushie kwanza karatasi laini nyeupe, halafu vipande vya kitenge kikuukuu. Zilizoungwa ziweke juu, na uandike kwa nje ya sanduku ni sanamu gani ina mshono na upo wapi, ili atakayelifungua Desemba ijayo, hata akiwa msichana mgeni, ajue pa kushika.