Dai la Bima Lililokwama kwa Herufi Moja

Barua ya kukataa dai la bima ya afya huwa fupi. Aghalabu haizidi mistari mitatu, nayo huandikwa kwa namna ya kumfanya mpokeaji aone ya kwamba shauri limekwisha. Katika nyumba nyingi barua hiyo hukunjwa ikatiwa sandukuni, na deni la hospitali likaanza kulipwa kwa kuuza vyombo vya ndani. Kumbe barua ile ni jibu la kwanza tu.

Achukuliwe mke wa karani mmoja wa ghala la tumbaku huko Kanengo, eneo la viwanda lililoko kaskazini mwa jiji la Lilongwe. Mume ni Mmalawi. Mke alizaliwa Fizi, Kongo ya mashariki, akalelewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza katika enzi ya Dk. Banda. Kiswahili husikika sana kambini humo, na kituo chake cha afya huwatibu wakimbizi pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo bima ilikuwa kitu kigeni kwake mpaka alipoolewa, akaona mshahara wa mumewe ukikatwa kila mwezi.

Alijifungua usiku, kwa kupasuliwa, katika hospitali moja ya binafsi. Mume alikopa, akalipa, akapeleka risiti. Baada ya majuma matano barua ikaja: mgonjwa aliyetajwa katika risiti si mtegemezi wa mwanachama.

Kisa chenyewe kilikuwa herufi moja. Katika kadi ya bima na katika cheti cha ndoa jina la mke ni Furaha. Katika risiti ni Fulaha. Wala haifai kumlaumu sana karani wa hospitali. Katika Kichewa sauti za l na r hazitenganishi maneno, na kanuni ya tahajia huweka r baada ya i na e, mahali pengine huweka l. Sikio la Kichewa husikia Furaha, mkono ukaandika Fulaha. Asicheke mtu, maana hata Dar es Salaam wapo waendao kupiga kula.

Mume alikwenda ofisini mara mbili akagomba. Karani wa dirishani alimsikiliza, akamjibu kwa adabu, wala hakuandika chochote. Kwa hiyo katika jalada ilikuwa kana kwamba mtu yule hakufika kamwe.

Shangazi wa mke, akaaye Dzaleka, ndiye aliyeligeuza jambo. Mkimbizi hujua thamani ya karatasi, kwa kuwa bila kadi yake hapati mgawo. "Mwanangu," alimwuliza, "wewe na bwana yako mmekwenda kusema. Ni nani ameandika?"

Ndipo mke akaandika barua ya ukurasa mmoja. Hakulalamika, wala hakutaja uchungu wa uzazi. Alitaja namba ya uanachama, tarehe ya risiti na tarehe ya barua ya kukataliwa, akaomba aelezwe ni kifungu gani cha mkataba kilichotumika. Aliambatisha nakala ya cheti cha ndoa, na barua ya hospitali iliyothibitisha ya kuwa Furaha na Fulaha ni mgonjwa mmoja mwenye namba moja ya matibabu. Karatasi za asili alibaki nazo nyumbani. Alipoipeleka barua hiyo alichukua nakala ya pili, akaomba ipigwe mhuri wa siku iliyopokelewa.

Jibu lilipokuja, suala la jina lilikuwa limeachwa, likaletwa jingine: upasuaji ulifanywa bila idhini ya kampuni. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, wakidhani wanachezewa. Huenda wanachezewa kweli. Lakini sababu mpya hujibiwa kama ile ya kwanza. Mke na mume waliketi na kitabu cha mkataba, ambacho hawajapata kukifungua tangu kilipotolewa, wakaona ya kwamba idhini hutakiwa kwa upasuaji uliopangwa, na kwamba ajali au hatari ya ghafla hutolewa taarifa baadaye. Daktari akaandika saa mgonjwa alipofika na hatari iliyomkabili mtoto. Daftari la hospitali likaonyesha kuwa kampuni ilipigiwa simu asubuhi ile ile.

Kama kampuni ingalishikilia neno lake, njia ilikuwapo bado. Kwa Sheria ya Huduma za Fedha ya mwaka 2010, Gavana wa Benki Kuu ya Malawi ndiye Msajili wa taasisi za fedha, na makampuni ya bima yamo chini ya usimamizi wake. Tanzania nayo ina mamlaka inayosimamia bima, TIRA, pamoja na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini aendaye huko bila jibu la maandishi la kampuni hana la kuonyesha.

Fedha za upasuaji zililipwa mwezi wa nne. Gharama ya chumba cha peke yake haikulipwa, kwa sababu mkataba ulikikataa waziwazi, na mke hakuidai. Riba ya mkopo ilibaki juu ya mume.

Siku ya kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto, aitwaye Riziki, mke alisimama karibu na meza ya karani, akamtajia jina herufi moja moja, kisha akaomba alione kabla wino haujakauka.