Baraka: Nyumba inajengwa kwa simu, mwenyewe ni nani?

Katika mji wa Baraka na vijiji vya kando ya ziwa kuelekea Ubwari, nyumba nyingi za matofali na mabati zinajengwa na watu wasioishi hapo. Wenyewe wako Marekani, Kanada, Australia au Ulaya. Wengi walikimbia vita, wakapitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, kisha wakapelekwa mbali. Pesa inatumwa kwa simu, kazi inasimamiwa kwa picha za WhatsApp. Mambo yakiharibika, ugomvi haubaki kati ya mwenye nyumba na fundi. Unaingia ndani ya jamaa, kaka kwa kaka.

Swali la kwanza si bei ya simenti, bali kiwanja. Sheria ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa peke yake. Karatasi ya shefu wa mtaa, au ile mliyosaini siku ya kununua, inaonyesha kwamba mlipatana na muuzaji, lakini haina nguvu ya cheti. Mtu mwingine akipata cheti cha kiwanja hicho, na miaka 2 ikapita bila kushtakiwa, kumtoa ni kazi ngumu sana.

Jina lililo kwenye karatasi ndilo linaleta hatari kubwa zaidi. Aliye mbali anamtuma mdogo wake akanunue, na mdogo anaandikisha kwa jina lake kwa sababu ndiye aliye pale. Miaka 10 baadaye mdogo anafariki, na watoto wake wanadai nyumba ya baba yao. Mbele ya hakimu, jumbe za simu peke yake ni ushahidi dhaifu. Dawa yake ni barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na noteri, ili ndugu anunue kwa jina la mwenye pesa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalisahau. Sheria ya Novemba 12, 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu. Anayechukua uraia wa Marekani au wa Ufaransa anapoteza ule wa Kongo. Na haki ya kiwanja isiyo na mwisho imewekwa kwa Wakongomani tu. Mgeni anapewa kiwanja kwa muda usiozidi miaka 25, unaoweza kurudiwa. Anayejiandaa kula kiapo huko ughaibuni aulize kwanza juu ya kiwanja chake cha Baraka.

Ruhusa ya kujenga ni karatasi nyingine tena. Agizo la waziri la Juni 2013 linataka ruhusa hiyo itangulie kazi. Wengi wanaiona kama kodi tu, na pale ambapo ofisi inapokea pesa bila kufika kiwanjani, ni vigumu kuwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba mtu aangalie mahali kabla ya msingi kuchimbwa. Usiku wa Mei 8 kuamkia 9, 2025, mafuriko yalibomoa nyumba Kasaba, sekta ya Ngandja, na kuua zaidi ya watu 60. Kukagua eneo hakuzuii mvua, ila kunaweza kuzuia nyumba isijengwe kwenye njia ya maji.

Vita vimezidisha ugumu. Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Desemba mwaka huohuo Uvira nayo ikaingiliwa. Ofisi zikihama namna hiyo, kufuatilia karatasi kunachukua muda mrefu, na wajanja wanapata nafasi. Kwa hiyo nakala za kila hati zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja.

Kuhusu fundi, Ufaransa mwenye kampuni ya ujenzi analazimishwa na sheria kuwa na bima ya miaka 10 kwa makosa makubwa ya jengo. Baraka, fundi wa kawaida hana bima hiyo, na kinga ya mwenye nyumba ni namna anavyolipa. Pesa ya vifaa itengwe na pesa ya kazi. Kazi igawanywe: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Kila hatua ilipwe baada ya kuonwa na mtu asiye ndugu wa fundi wala mshika pesa, na sehemu fulani ibaki hadi siku ya funguo. Makubaliano yaandikwe, hata kwa mkono, kwa sababu kifungu cha 33 cha sheria ya mikataba ya 1888 kinasema mapatano halali ni sheria kwa waliopatana.

Fundi naye ana haki yake. Mara nyingi kazi inasimama kwa kuwa pesa ya Marekani imechelewa, huku wasaidizi wake wanadai chakula cha jioni. Maandishi hayohayo yanamlinda yeye pia.

Wengine wataona aibu kumdai ndugu karatasi. Lakini nyumba inayojengwa ili jamaa irudi siku moja isiwe ndiyo itakayoivunja jamaa hiyo.