Kiporo cha Bata Mzinga si Aibu

Mkulima mwenzangu,

Mwezi huu nataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda likakuchekesha mwanzoni. Si habari ya mbolea, wala ya josho la ng'ombe, wala ya mbegu za viazi. Ni habari ya nyama ya bata mzinga inayobaki sufuriani wageni wakiisha kwenda zao. Cheka kama wataka, lakini soma mpaka mwisho. Mimi nami nilikuwa mtu wa kulicheka jambo hili, na hasara yake naikumbuka mpaka leo.

Kwanza nikuungamie kosa langu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu. Nimepata kusimama mbele ya ubao na kuwafundisha watoto wa watu habari za usafi wa chakula. Nyumbani kwangu ni huku Nyandarua, katika shamba ambalo babu yangu alilipata kwa mkopo wakati wa skimu za miaka ya 1960. Mke wangu hufuga bata mzinga wachache pamoja na kazi nyingine za shamba.

Krismasi moja tulichinja dume. Alipokwisha nyonyolewa na kutolewa matumbo tulimpima, akawa kilo 8. Tulitazamia wageni 20, lakini mvua ilinyesha, barabara ikawa matope matupu, wakafika 9 tu. Tukala, tukashiba, tukaimba. Usiku ulipoingia nyama iliyobaki ilikuwa karibu nusu. Sufuria ikafunikwa, ikaachwa jikoni karibu na makaa mpaka asubuhi.

Asubuhi mke wangu akaniuliza niandaliwe nini. Nikamjibu kwa sauti ya bwana mkubwa, "Mimi sili kiporo. Wape watoto." Akaipasha moto kidogo, watoto wakala. Jioni wawili kati yao walikuwa wakitapika na kuharisha, nasi tukakesha nao. Namshukuru Mungu walipona. Nyama yote iliyosalia tukaitupa shimoni. Ilipofika Januari na karo ya shule ikatakiwa, nilimuuza bata jike ambaye tulikuwa tumemweka kwa ajili ya mayai. Basi, katika wiki chache nilipoteza nusu ya dume, jike mzima, na usingizi wangu.

Nilianza kumlaumu mke wangu. Naye hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Baba Watoto, ungalisema jana jioni kwamba hutakula, ningaliwapelekea majirani ingali moto."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, na ndilo nataka ulichukue leo. Kiporo huamuliwa jioni, hakiamuliwi asubuhi. Ile jioni ya karamu, kabla ya kulala, ndipo nyama iliyobaki inapokuwa chakula au inapokuwa sumu.

Fikiri kwanza gharama ya ndege huyu. Yai la kuku laatamiwa siku 21, lakini la bata mzinga lataka siku 28. Vifaranga wake ni dhaifu, hawapendi baridi wala umande, na wengine hawajui hata kula mpaka waonyeshwe. Halafu wamlisha miezi mitano, pengine sita au zaidi, ndipo awe wa kuchinjwa. Hakuna mfugaji wa ng'ombe ambaye angekamua maziwa asubuhi, akapeleka nusu na kumwaga nusu mtaroni. Watu wangesema ana wazimu. Lakini sisi twamwaga nusu ya bata mzinga, na hakuna asemaye neno, kwa sababu ilikuwa sikukuu.

Wengine watasema, "Kula nyama ya jana ni umaskini." Sikubali. Bata mzinga asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko walimfuga tangu zamani, hata kabla Wahispania hawajamchukua kumpeleka Ulaya katika karne ya 16. Mpaka leo Wamarekani humla katika Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Nao, pamoja na utajiri wa nchi yao, hawaoni haya kula kiporo chake. Kesho yake huipanga ile nyama katikati ya vipande vya mkate, na mifupa huichemsha supu. Uingereza pia, siku ya pili ya Krismasi, nyumba nyingi hula nyama iliyobaki jana yake. Ikiwa wao hawaoni aibu, sisi wenye kulipa karo mwezi wa Januari twaona aibu ya nini?

Wengine watasema, "Si hasara, mbwa watakula." Hata hapo si kweli. Mifupa ya ndege iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, navyo vyaweza kumkwama mbwa kooni au kumchoma matumbo. Mbwa wa shamba ni mlinzi wako. Usimuue kwa zawadi ya Krismasi.

Wako na wengine watakaosema, "Huku kwetu kuna baridi, nyama haiharibiki usiku mmoja." Hilo ndilo lililonidanganya mimi. Ni kweli ukitoka nje alfajiri vidole vyakufa ganzi. Lakini nyama yako haikulala nje. Imelala jikoni, karibu na moto, ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, na katikati ya sufuria hiyo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Viko vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Nyama ikipoa polepole mbegu hizo huamka na kuzaana kwa wingi. Tena usitumaini pua yako. Nyama yaweza kuwa haina harufu yoyote mbaya na bado ikamwangusha mtoto. Wala usidhani kwamba kuchemsha asubuhi kutatengeneza nyama iliyokwisha haribika, maana vijidudu vingine huacha sumu isiyoondoka kwa moto.

Basi, yafaa kufanya nini? Nitakueleza tufanyavyo nyumbani kwangu siku hizi.

Karamu ikimalizika hatukai kupiga hadithi huku sufuria imefunikwa. Nyama isikae zaidi ya saa 2 tangu kutoka motoni. Twanawa mikono kwa sabuni, twachukua kisu safi, na kuutoa mnofu wote mifupani. Kidari twakiweka mbali, mapaja na mabawa mbali, na mifupa mbali. Mnofu twautandaza katika sinia au sahani pana ili upoe upesi, na juu twafunika kitambaa safi kuzuia nzi. Ukipoa waingia katika friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini ya hapo. Humo waweza kukaa siku 3, au 4 kwa wingi. Siku hizi umeme umefika mashambani mengi, na huenda jirani yako au ndugu yako mwenye duka ana friji. Muulize kabla ya sikukuu, usingoje usiku wa manane.

Lakini wewe usiye na friji wala jirani mwenye nayo, sitakudanganya. Usiweke nyama iliyopikwa mpaka kesho. Kwako dawa ni mbili. Ya kwanza, igawe jioni ile ile ingali moto. Mpelekee mzee wa boma la pili, mama mjane, na kijana anayekulindia ng'ombe. Hiyo si hasara. Leo kwangu kesho kwako. Ya pili, nayo naipenda zaidi, ni kupatana na jirani kabla ya kuchinja. Krismasi mchinje wako mkagawane nusu kwa nusu, na Pasaka mchinje wake. Bata mmoja, nyumba mbili, na hakuna kinacholala sufuriani.

Sasa tuje kwenye mapishi. Nyama ya kidari haina mafuta mengi. Ukiichoma mara ya pili itakauka iwe kama ubao, ndipo watu waseme kiporo hakina ladha. Kosa si la kiporo bali ni la mpishi. Nyama hii yataka maji maji. Mke wangu hukaanga kitunguu, nyanya na karoti mpaka vilainike, hutia supu kidogo na minji, kisha hukata kidari vipande vidogo na kuvitia ndani. Mchuzi huo huchemka sawasawa, tena wote, mpaka utokote katikati na si pembeni tu. Kula kwa mukimo au kwa ugali na sukuma wiki, nawe utauliza kama pana kingine.

Mapaja na mabawa yana utamu zaidi, nayo yafaa githeri. Pika mahindi na maharagwe mpaka yaive kabisa. Kaanga kitunguu na dhania, tia githeri yako, kisha ichambue ile nyama nyuzi nyuzi na kuichanganya. Acha ichemke vizuri. Nyama ambayo kwenye sahani ingetosha watu wawili, katika githeri yatosha nyumba nzima.

Mifupa nayo usiitupe. Itie katika sufuria ya maji baridi pamoja na shingo, kitunguu na karoti, uiache juu ya moto mdogo kwa muda wa saa 2 hivi. Ichuje vizuri kusibaki kipande cha mfupa. Supu hiyo pikia wali au viazi badala ya maji matupu. Ikiwa wataka kuiweka, isimamishe sufuria ndani ya karai la maji baridi ili ipoe haraka, halafu ipeleke kwenye friji.

Na kwa watoto waendao kwa shangazi au sokoni asubuhi, pasha moto nyama kidogo katika mchuzi mzito na kabeji iliyokatwa nyembamba, uikunje ndani ya chapati, waile papo hapo kabla ya kutoka. Usiwafungie wakaibebe mchana kutwa juani.

Kumbuka sheria moja: pasha moto kile kitakacholiwa wakati ule tu, na upashe mara moja. Kilichopashwa kikabaki, usikirudishe tena.

Umeona, kutoka kwenye nusu ya bata mmoja tumepata mchuzi, githeri na supu, yaani chakula cha siku mbili au tatu baada ya sikukuu. Siku hizo hukwenda sokoni kununua nyama. Fedha hiyo ndogo iweke kwenye kibuyu cha karo. Wazee walisema akiba haiozi, lakini nyama huoza. Kazi yetu ni kuigeuza nyama iwe akiba kabla haijaoza.

Nimalize kwa neno kwetu sisi akina baba, na msinikasirikie. Twapenda kusema kwamba wanawake hupoteza chakula. Mimi naona mara nyingi tupotezao ni sisi. Mama wa nyumba anajua vizuri kuhifadhi na kugeuza, lakini anaogopa. Anajua akikuwekea kiporo mezani utasukuma sahani, utauliza kama nyumba hii imefilisika, na pengine utamwaibisha mbele ya mama mkwe. Basi hupika kipya, na kile cha jana huharibika kimya kimya. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote la shamba, na ndiyo maana hatuioni.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja dogo sikukuu hii. Wageni wakiondoka, usilale upesi. Ingia jikoni, shika taa, muulize mkeo, "Nyama iliyobaki tuifanyeje?" Amueni pamoja ni ipi ya kuhifadhi na ni ipi ya jirani. Kisha kesho yake keti mezani mbele ya watoto, ule kiporo kilichotunzwa vizuri, usifu upishi. Watoto wako wakiona baba anakula, hawatajifunza kudharau chakula.

Mimi nilianza hivyo, na mara ya kwanza mke wangu alidhani naumwa. Siku hizi twasaidiana kuchambua mnofu huku tukizungumza habari za wageni. Na yule bata jike niliyemuuza kwa karo, nimekwisha nunua mwingine badala yake. Anaatamia sasa.

Karani wa Ofisi ya Kilimo