Mafuta ya kunukia yauzwe kama manukato

Ingia duka la vipodozi Dar es Salaam au Nairobi, ulizia mafuta ya lavenda. Utaambiwa yanaleta usingizi, yanaondoa wasiwasi, yanashusha presha na kutuliza maumivu ya viungo, yote hayo kwa kunusa tu. Ushahidi uko wapi?

Upo kidogo, na hausemi anayosema muuzaji. Mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, uliyapitia mwaka 2020 majaribio 13 ya tiba ya harufu kwa wagonjwa 708 wa dementia, maradhi ya kusahau. Haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba inawasaidia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwanusisha watu 56 limau, lavenda na maji matupu. Limau iliwachangamsha kweli. Lakini maumivu hayakupungua, presha haikushuka, wala ngozi iliyochubuliwa haikupona upesi zaidi.

Harufu imeonyesha dalili ya kufaa kwenye kichefuchefu, na mshindi wa hapo anachekesha: ni spiriti. Mapitio ya Cochrane ya 2018 yaligundua kuwa wagonjwa waliotoka upasuaji wakanusishwa spiriti walielekea kuhitaji dawa za kuzuia kutapika kwa uchache zaidi. Mafuta ya mnanaa hayakuleta tofauti ya maana. Mwaka huohuo, jaribio la wagonjwa 122 wa dharura huko San Antonio, Texas, lilionyesha kuwa walionusa spiriti walipata nafuu zaidi kuliko waliomeza kidonge cha ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, peke yake. Ni pamba ileile anayokufutia nesi kabla ya sindano. Haina faida kubwa kwa muuzaji, ndiyo maana huisikii ikitangazwa.

Tukiri pia kwamba harufu ni ngumu kupima. Dawa ya vidonge unaweza kuiigiza kwa kidonge kitupu, mgonjwa asijue kapewa kipi, lavenda utaifichaje? Tena mtu akilazwa mahali patulivu, akakandwa mgongo taratibu kwa nusu saa, atasema amepata nafuu hata kwa mafuta ya alizeti.

Hatuna ugomvi na harufu nzuri. Mwambao umefukiza udi na ubani vizazi na vizazi bila kuomba kibali cha maabara. Karafuu nayo ina sifa yake: eujenoli iliyomo hutumiwa na madaktari wa meno kwenye dawa ya kuzibia jino. Inafanya kazi kwa kugusa jino lenyewe, si kwa kunuswa. Pemba wanayakamua mafuta hayo kutoka makonyo ya karafuu, na wana haki ya kuyauza popote. Soko lao halihitaji uongo.

Uongo wenyewe umeshafika mbali. Septemba 2014, Ebola ikiua Afrika Magharibi, mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuzionya kampuni za Young Living na doTERRA kwa sababu wauzaji wao walikuwa wakiyatangaza mafuta kama kinga ya ugonjwa huo. Mgonjwa anayeamini tangazo la namna hiyo huchelewa kufika hospitali.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania, na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, wakague maandishi ya chupa hizi. Anayedai zinatibu alete majaribio. Asiyekuwa nayo aandike manukato na auze kwa bei ya manukato. Nawe mwenye chupa nyumbani, iweke juu watoto wasikofika: mafuta ya mkaratusi yakimezwa humtia mtoto degedege, na ya karafuu huharibu ini.